Jumamosi natoka kutazama ndege wahamaji na kiongozi kwa mara ya kwanza: nijiandae vipi?

Kibibi_M: Habari zenu wadau. Jumamosi naenda na kikundi kutazama ndege wanaohama, msimu huu wa majani kupukutika. Anayetuongoza ni mzoefu. Mwenyewe nimejaribu mara mbili: nasikia mlio, nainua darubini, naona majani matupu. Navaa miwani, na darubini ni ya kuazima, imeandikwa 8x42. Tumeambiwa tukutane alfajiri. Kuna haja kweli ya kudamka hivyo? Na nibebe kitabu cha ndege?

Mzee wa Vichaka: Karibu sana dada. Haja ipo, tena usichelewe hata kidogo. Vijidege vingi vya vichakani husafiri usiku na hutua kunapopambazuka, njaa imevishika. Mwanga wa kwanza ukitoka havitulii, vinadonadona wadudu chini ya majani, na hapo ndipo unaviona. Jua likishapanda vinajibanza.

Darubini hiyo inafaa: 8 ni mara inazokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Vile vikombe vya mpira vya kuwekea jicho vizungushe vishuke kabisa, maana una miwani. Vikibaki juu utaona kitundu tu. Halafu jani likitikisika, usishushe macho kutafuta darubini. Macho yabaki palepale kwenye jani, mikono ndiyo iilete darubini usoni. Jizoeze nyumbani kwa kulenga ncha ya tawi, hata mara ishirini.

Kitabu kiache mkobani. Matembezi yangu ya kwanza nilikuwa napekua kurasa huku wenzangu wanakitazama kijidege cha manjano hafifu, karibu kiasi cha kuona rangi ya miguu. Nilipoinua kichwa, tawi lilikuwa linacheza peke yake. Mpaka leo naumia. Kijidege kile kina gramu 10 hivi, na jamii yake huvuka Sahara. Jina utaambiwa na kiongozi, ila kuona hakuna wa kukuonea.

Jingine: msimu huu hawaimbi sana, wanatoa vimlio vifupi tu, na wengi ni makinda ya mwaka huu, manyoya yamefifia. Simama karibu na kiongozi. Akikaa kimya ghafla na kuinamisha kichwa, kuna kitu amesikia.

Salma_T: Naongezea la saa. Kiongozi akisema ndege yuko "mbili", anauchukulia mti kama uso wa saa ya ukutani na kutaja tarakimu 2, yaani juu kulia kwa mti. Usihesabu saa mbili yetu, utatazama upande mwingine kabisa. Na mvua ikinyesha kabla ya kukucha usikate tamaa, mara nyingi huwashusha wasafiri wa usiku.

Kibibi_M: Asanteni sana. Nimeshusha vikombe, kumbe picha ni pana hivi! Mbayuwayu je, nitawaona?

Mzee wa Vichaka: Hao husafiri mchana, wakila angani. Wakijipanga kwenye waya tazama mikia: wakubwa wana nyuzi mbili ndefu pembeni, makinda mkia mfupi na koo lililopauka. Makinda hao hawajawahi kuiona njia wanayoiendea, mimi hilo hunishika kila mwaka. Korongo wao hungoja ardhi ipate joto, wapande na hewa inayopaa. Juu ya bahari pana hewa hiyo ni haba, ndiyo maana husongamana Gibraltar na Bosporus, penye bahari nyembamba. Kwa hiyo wenzako wakianza kufunga mikoba saa nne, wewe inua macho juu.