Nimelipa elfu 50 wiki ya mitindo nikaishia kuangalia nguzo, halafu picha yangu ndiyo wanauzia tiketi za mwakani

Wakuu habari za jioni. Mods msiuhamishie huu uzi kule kwenye urembo na mahusiano, hapa naongelea hela yangu na jasho la fundi wangu.

Waandaaji siwataji, waliokuwepo wameshanielewa. Ni hapahapa Dar, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kwenye hizi wiki za mitindo (wiki yenyewe siku 3, ila hilo tuliache). Miaka yote naangalia picha za Paris na Lagos kwenye simu, na mimi za jukwaani huwa nazipita haraka, nakimbilia zile za nje, watu wanavuka barabara na nguo zao walizojipangia wenyewe. Nikasema mwaka huu na mimi naenda, liwalo na liwe.

Nikanunua doti ya kanga Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, jina lake JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, nikampelekea fundi wangu Manzese, mama mmoja ana cherehani ya mguu kwenye kafremu anakochangia na muuza chipsi. Huyo mama ni mtu mwingine jamani. Kanga ukimpa fundi wa hivihivi atakukatia jina katikati ubaki na "PO SIPATI TAM". Yeye aliilaza kitandani kwanza, akaitazama, akaniambia jina halikatwi. Pindo akalipeleka mikononi, mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, ukakaa kifuani, jina lote zima likashuka nyuma kwenye upindo wa gauni, na kwa kuwa doti ni vipande viwili jina la pili akalishonea mkanda. Ufundi elfu 25. Nilivyovaa yule muuza chipsi aliacha mafuta yanaungua.

Sasa pale nje wakuu, sidanganyi, ile saa moja ya nje nilifurahi kuliko harusi ya dada yangu. Kuna kijana kavaa koti la suti la mtumba wa Karume, mabega mapana ya zamani, kang'oa mikono yote, chini kikoi na makubadhi. Kuna mama mtu mzima baibui jeusi tii halafu chini raba nyeupe kama maziwa, anatembea taratibu anajua kabisa anaangaliwa. Na jamaa mmoja suti ya vipande vitatu rangi ya haradali, fimbo mkononi, soksi nyekundu, na lile joto letu, hata jasho halimtoki. Nikamwambia kaka wewe kama wale masapeur wa Kinshasa, wale watanashati wa suti za majina makubwa, akacheka, kumbe Mkongo kweli, akanifunulia koti anionyeshe lebo ya ndani. Hiyo ndiyo heshima yao, lebo lazima uione.

Mpiga picha akanifuata, "dada vuka barabara, tembea kama huioni kamera." Nimevuka mara tatu! Ya tatu bajaji inapiga honi na dereva anasema vuka basi mrembo, tuna abiria. Kapiga mpaka kachuchumaa apate maneno ya kwenye upindo. Mimi huyo, kichwa kimevimba.

Saa 12 na nusu wakaja mabaunsa. "Hapa hapasimamwi, VIP wanaingia." Nikamwambia kaka, tiketi hii hapa. Akasema tiketi siyo ruhusa ya kuzagaa, sogeeni kule mnaharibu muonekano. Muonekano!! Tukasukumwa sote ng'ambo ya mtaro, na mama wa watu na raba zake nyeupe anaruka matope, kamba ikavutwa, na wapiga picha walewale wakatugeuzia mgongo wakakimbilia milango ya magari.

Ndani ndiyo kabisa. Tiketi imeandikwa kiti na saa 12 jioni, shoo imeanza saa 3 kasoro na kiti hakuna, viti vyetu vimebandikwa karatasi za majina ya watu ambao wengine mpaka mwisho hawakutokea na bado tumekatazwa kukaa. Tukasimamishwa nyuma ya jukwaa la kamera. Mbele yangu nguzo. Nguo nimeziona kwenye simu ya dada aliyeinua mkono mbele yangu, na kiatu sijaona hata kimoja, yani wanamitindo wote kwangu mimi walikuwa vichwa vinapita juu ya mabega ya watu. Wabunifu siwalaumu, kazi walifanya, makofi niliyasikia.

Ningemeza yote hayo. Jumatatu nafungua simu, rafiki yangu kanitumia posti ya ukurasa wao, tiketi za mwakani bei ya mapema, na picha ni MIMI, navuka barabara, uso nusu, na JAPO SIPATI TAMAA SIKATI inasomeka vizuri kabisa. Yani nilikuwa naharibu muonekano Ijumaa, Jumatatu ndiyo muonekano wenyewe. Kushuka kwenye komenti mtu kauliza hili gauni la nani, na wao wakajibu kwa jina la mbunifu aliyeonyesha siku ile! Hata alama ya kuuliza hawakuweka. Hapo ndipo nilipotetemeka.

Kulikuwa na mzee New York, Bill Cunningham, alikuwa mpiga picha wa gazeti la New York Times, miaka na miaka anasimama kona ya Fifth Avenue na mtaa wa 57 na baiskeli yake na koti la bluu la vibarua wa Kifaransa, kafariki 2016. Huyo akienda kwenye hafla za matajiri hata maji hanywi, hataki deni la mtu. Mtu wa barabarani kwake ndiyo shoo. Hawa wetu wanataka ile picha ya barabarani ila mwenye picha avuke mtaro.

Wanasheria mliomo humu, ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inanihusu hapa au ndiyo ukishasimama barabarani umejitoa sadaka? Mimi sitaki mamilioni. Nataka pale pale kwenye komenti waandike gauni limeshonwa na fundi wa Manzese, nitawapa jina na namba yake, ana watoto wanasoma. Nimewaandikia inbox mara nne, wanasoma, kimya. Na hela ya kiti nilichokikosa warudishe hata nusu.

Msianze na "ungebaki nyumbani". Na wewe unayetaka kuuliza nimevaa saizi gani, pita.

UPDATE saa 4 usiku: wamefuta komenti yangu, jibu lao la uongo wameliacha. Skrinshoti ninazo zote, na fundi kaniomba nimtumie ile picha akaiprinti abandike kwenye fremu, juu ya bei za chipsi.