Vitabu na vitu vya kumbukumbu: shelfu wazi, kabati la vioo au kuvisambaza nyumba nzima? Nipeni uzoefu wenu

Bintimkubwa:
Habari zenu wakuu, naomba msaada wa mawazo maana hili jambo linaniumiza kichwa wiki ya pili sasa. Tumehamia kwetu baada ya miaka mingi ya kupanga, na korido nzima imejaa maboksi. Vitabu nimehesabu kama 340 hivi ukiacha vya shule vya watoto, halafu kuna boksi moja la vitu vya marehemu baba: redio yake ya betri, kamera ya filamu, miwani, saa ya mezani iliyosimama siku nyingi, kalamu ya wino na barua alizokuwa anamwandikia mama kabla hawajaoana. Ile redio kitufe cha kutafutia stesheni kimelika upande mmoja, pale alipokuwa anaweka dole gumba kila jioni, nikikishika na mimi dole langu linaingia palepale. Sitaki kitu kama hicho kikae boksini miaka mingine kumi.

Sasa njia ninazoziona ni tatu. Kuna shelfu wazi ukuta mzima wa sebule, vitabu na vitu vyote vinakaa pamoja. Kuna kabati la vioo, vitu vya baba na vitabu vya thamani vinaingia humo na vingine vinatafutiwa pa kukaa. Au kusambaza tu, kidogo chumbani, kidogo koridoni, kidogo kwenye meza ya kazi. Mume wangu anataka vioo, mi moyo wangu uko kwenye shelfu wazi, na nina watoto wawili, mdogo ana miaka minne na mikono yake haitulii. Waliopitia haya naomba mseme, hasa yale yaliyowaharibikia.

FundiRanda:
Dada hongera kwa nyumba. Mi naongelea mbao tu, mengine nawaachia wenyewe. Kosa ninaloitwa kurekebisha kila siku ni moja, watu hawajui uzito wa vitabu. Mita moja ya vitabu vya kawaida vimesimama inacheza kwenye kilo 20 mpaka 30, vile vikubwa vya picha vyenye karatasi ya kung'aa vinapita hapo. Vyako 340 ukichukulia unene wa sentimita 2 na nusu kila kimoja ni mita 8 na nusu, yaani kama kilo 170 mpaka 255 unaziegemeza ukutani, hapo hujaweka redio wala saa.

Halafu ubao ukiurefusha mara mbili bila nguzo katikati, kwa mzigo uleule kwa kila mita, hauzami mara mbili, unazama mara 16. Ila ukiongeza unene mara mbili kuzama kunapungua hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo chipibodi ya milimita 18 mi sipitishi sentimita 75 bila kuweka nguzo, plaiwudi nzuri au mbao ngumu inavumilia zaidi. Kina sentimita 25 kinatosha vitabu vingi, chini kabisa weka 30 kwa vile vikubwa. Na kwa huyo wa miaka minne, shelfu yoyote ndefu ifungwe ukutani juu, hata kama inasimama yenyewe vizuri. Mtoto akiona ngazi anapanda, na shelfu kwake ni ngazi.

MamaPacha:
Mi nilikuwa na msimamo kama wa mumeo. Tukanunua kabati la vioo zuri kweli, lina kufuli, ndani nikaweka vitabu vya mama mzazi na sanduku lake la kushonea. Vumbi kweli halikuingia, hilo silibishi. Ila kabati lilikuwa limegusa ukuta wa nje ambao mvua inaupiga, mgongo wake ni ubao mzima hauna hata tundu, na kwa kuwa lilikuwa na ufunguo tukawa hatulifungui, unapita unatazama basi. Baada ya mwaka na kitu nikafungua kutafuta kitabu, ile harufu iliyonipokea sitaisahau, safu yote ya nyuma ina madoa ya ukungu, jalada moja la kitambaa limeota manyoya ya kijani. Vitabu sita sikuviokoa.

Sisemi vioo vibaya, kabati bado ninalo. Ila sasa limekaa ukuta wa ndani, nimeliachia nafasi ya kama vidole vinne nyuma, fundi alitoboa matundu mgongoni juu na chini, na kila Jumamosi nafungua milango asubuhi nzima. Lingine lililoniuma zaidi ya ukungu: pacha wangu wakati huo walikuwa na miaka saba na hakuna hata mmoja aliyejua lile sanduku ni la nani. Walikuwa wanaliona kila siku.

Kimyakimya:
Samahani mi niko upande wa mume. Saa ya mkono ya baba yangu niliiacha wazi kwenye shelfu kwa mapenzi yaleyale anayosema dada hapa, akaja mgeni na mtoto wake, mtoto akaichukua kucheza nayo nje, haijapatikana mpaka leo. Hakuna wa kulaumu, mtoto ni mtoto. Lakini kitabu unaweza kununua kingine, saa ya baba hununui. Watu mnaosema vitu vishikwe muwe mnafikiria pia vile ambavyo vikipotea vimepotea.

msomaji_usiku:
Pole sana Kimyakimya, hiyo inauma.

Mi nitetee kusambaza maana naona kumepitwa haraka. Nyumba yangu ndogo, sina ukuta wa bure. Kwa hiyo kila kitu nimekipeleka kinapotumika: ninavyovisoma sasa viko kitandani, kamusi na vya kazi viko kwenye meza ya kazi, vya mashairi viko karibu na kile kiti cha dirishani kwa sababu ndipo ninapovisoma, shairi moja moja. Sigmund Freud, yule daktari aliyeanzisha tiba ya akili kwa mazungumzo, sanamu zake ndogo za kale alizipanga kwenye meza yenyewe ya kuandikia, na alipoikimbia Vienna mwaka 1938 kwenda London zikaenda naye, nyumba yake ya London leo ni makumbusho na meza bado imejaa zile sanamu. Ile picha ndiyo iliyonifundisha kwamba kitu unachokipenda hakihitaji jukwaa, kinahitaji kuwa karibu na mkono wako unapofanya kazi.

Udhaifu wake niseme ukweli: vitu vilivyosambaa vinahama. Kile kitana cha bibi yangu kilikaa kwenye dirisha la bafuni miezi bila mimi kukumbuka nani alikipeleka huko, na mvuke wa maji ya moto ulikuwa umeshakipinda. Ukisambaza lazima kila kitu kiwe na mahali pake pa kudumu ambapo kila mtu nyumbani anapajua.

mzee_wa_karatasi:
Nimefanya kazi na nyaraka za kale miaka mingi, naomba niongee kuhusu lile boksi la baba kabla hamjafika kwenye shelfu.

Binti, kwanza kabisa leo hii fungua mgongo wa redio utoe betri. Usisubiri fundi. Betri iliyosahaulika ndani inavuja, na ikivuja inakula zile sahani za chuma mpaka waya. Ukikuta unga mweupe vaa glavu, usugue taratibu na mswaki mkavu, na kama betri zilikuwa alkalaini pitisha pamba yenye tone la siki kisha ukaushe vizuri.

Kamera itoe kwenye mfuko wake wa ngozi. Watu wanadhani wanailinda, kumbe ngozi inashika unyevu na lenzi ikikaa gizani na unyevu inaota ukungu kwa ndani, unaonekana kama nyuzi za buibui ukiimulika na tochi. Iache wazi panapopita hewa, isipigwe na jua. Vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinasaidia, ila vikishashiba maji havifanyi kazi tena, si vya kuweka na kusahau.

Barua ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Barua halisi USIZITUNDIKE ukutani, hata kwenye fremu ya kioo. Madhara ya mwanga yanajumlishana, wino uliopauka haurudi, na wino wa kalamu za kawaida unapauka haraka sana. Piga skani, chapisha nakala nzuri, nakala ndiyo uiweke kwenye fremu. Zenyewe zikunjue, zilaze kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi, ndani ya kabati. Selotepu hapana, kulaminisha hapana kabisa, maana plastiki ile ukishaibandika kwa joto huitoi bila kuchana karatasi. Na pini na stepo zitoe zote, zinashika kutu.

Kwa vitabu, unyevu wa hewa ukikaa kati ya asilimia 40 na 55 karatasi inatulia. Kuna vipimo vidogo vya kidijitali, weka kimoja kwenye shelfu. Pia usichomoe kitabu kwa kuvuta juu ya mgongo wake, sukuma vya jirani viwili ndani kidogo halafu kamata cha kwako katikati. Hiyo moja peke yake itakuokolea majalada mengi.

Bintimkubwa:
Mzee wangu nakushukuru sana, nimesoma nikaenda moja kwa moja kwenye boksi. Betri mbili zilikuwemo na moja imeshaanza kutoa huo unga, kidogo tu pembeni. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nimesafisha kama ulivyosema. Na kamera kweli ilikuwa ndani ya ngozi, nimeitoa, lenzi naona iko safi.

Kimyakimya pole mno kwa saa. Umenifanya nikae chini nikajiulize kitu gani nikikipoteza sitaweza kulala, na jibu limetoka haraka kuliko nilivyotegemea: ni barua na miwani. Redio hapana, yaani ikivunjika nitalia ila redio ilikuwa kitu cha kushikwa, alikuwa anatupa sisi tutafute stesheni.

Swali: hivi nikiweka vitu mbele ya vitabu kwenye shelfu, kama ninavyoona kwenye picha nyingi, inafaa au ni urembo wa picha tu?

MamaPacha:
Mdogo wangu usifanye. Mi nilijaribu, kila ukitaka kitabu unahamisha vitu vinne kwanza, na hapo ndipo vinapodondoka. Acha pengo, sentimita 30 hivi katikati ya vitabu, kitu kikae peke yake na ukuta nyuma yake. Kitaonekana mara tatu zaidi. Vitabu vya pembeni viwili vitatu vilaze ili visianguke kwenye pengo.

msomaji_usiku:
Naunga mkono la pengo. Na mtu asije akakushauri upange vitabu kwa rangi. Nilifanya, ilipendeza wiki mbili, baadaye nikawa nanunua kitabu ninacho tayari kwa sababu sikumbuki jalada lake ni la rangi gani.

Kimyakimya:
Hapo kwenye rangi siafiki. Mke wangu anakumbuka kila kitabu kwa rangi, jina ndilo hakumbuki, na kwetu tunavipata vizuri tu. Mpangilio ufuate kichwa cha anayevitafuta.

Ila dada hilo swali ulilojiuliza ni zuri. Hata mi ningejiuliza mapema.

Bintimkubwa:
Narudi na mrejesho. Jana usiku tumekaa na mume wangu na maboksi yote wazi sakafuni, tumekubaliana hivi. Shelfu wazi sebuleni, ukuta wa ndani ambao jua haliufikii, nguzo kila sentimita 70. Safu moja ya katikati, ile ya usawa wa macho ya mtu mzima, itawekewa milango ya vioo yenye matundu mgongoni, humo ndimo miwani, kalamu, kamera na boksi la barua, na nakala moja ya barua kwenye fremu nje. Bila kufuli, mume amenielewa baada ya kusoma habari ya sanduku la kushonea. Saa inakuja kwenye meza yangu ya kazi. Redio inakaa wazi, safu ya pili kutoka chini.

Ile safu ya pili amechagua mdogo mwenyewe bila kujua. Tulipokuwa tunapanga aliikuta redio sakafuni akaanza kuzungusha kitufe, akanionyesha pale palipolika akaniuliza nani kapang'ata. Tumekaa pale karibu saa nzima namsimulia babu yake.

FundiRanda, ukuta wenyewe una upana wa mita 3 na sentimita 20, juu mita 2 na 60. Nikiugonga upande wa kushoto unalia kama ngoma, kulia unalia mzito.

FundiRanda:
Kushoto hapo ni jipsam huenda, ule ubao mwepesi wa kuzibia ukuta, kulia tofali. Usitoboe kitu bado. Jipsam yenyewe haibebi kilo hizo, inabidi tutafute fremu iliyo nyuma yake na skrubu ziingie kwenye fremu. Pita na sumaku ndogo taratibu ukutani, itanasa kwenye skrubu zilizoshikilia ubao, weka alama ya penseli kila inaponasa, halafu piga picha ukuta wote uweke hapa. Vitabu vizito vyote na redio tutavipanga upande wa kulia.