Tuliojifungua tukiwa na VVU hapa Dodoma: tupeane uzoefu wa vipimo vya watoto

Mleta mada (Nkuhungu)
Habari zenu wapendwa. Juzi mwanangu ametimiza miezi 18, tumepima mara ya mwisho, hana maambukizi. Nililia pale kwenye benchi mpaka mama nisiyemjua akanipa kanga yake nifute uso.

Nilijua hali yangu mimba ikiwa ya miezi minne, dawa nikaanza siku ileile. Mtoto alipozaliwa akanywa nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga asiambukizwe, wiki 6, kisha akachomwa kisigino, matone ya damu yakawekwa kwenye ile karatasi ngumu. Kusubiri jibu kulinikondesha kuliko mimba yenyewe. Lilipokuja zuri, nikajua yamekwisha, kliniki sikurudi. Mtoto ana miezi 9, mama kinara, yaani mama mwenzetu anayeishi na VVU na kutufuatilia kliniki, akanipigia: "Dada, si bado ananyonya? Basi hesabu haijafungwa." Kati ya wenzangu tulioanza pamoja, wengi waliishia hapo kwenye kipimo cha kwanza. Karibuni, mwenye lake aseme.

Mama wa Bahi
Asante mleta mada. Wangu akiwa na miezi 7 aliugua, zahanati moja wakampima kile kipimo cha haraka, ikaja mistari miwili. Nilirudi nyumbani sioni njia. Kesho yake kliniki wakachukua damu ya kwenye karatasi, jibu likaja hana.

Nesi mstaafu
Mwanangu wa Bahi, pole sana. Kipimo cha haraka kinasoma kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, si kirusi chenyewe, na kinga za mama hubaki kwenye damu ya mtoto hata hadi miezi 18. Mtoto mdogo anatafutiwa kirusi chenyewe, ndiyo kazi ya ile karatasi. Na yule aliyeambukizwa hasubiri: asipopata dawa, karibu nusu yao hufariki kabla ya miaka miwili. Ndiyo maana tunamtaka wiki ya 4 hadi ya 6, tena miezi 9, tena akishaacha ziwa. Mama akimeza dawa zake vizuri, hatari inashuka chini ya watoto 5 kwa 100.

Mama wa Kongwa
Langu ni chungu, ila nitalisema. Wiki ya 6 mwanangu alipimwa, VVU hakuwa nayo. Msimu wa kilimo tukahamia shambani, dawa zangu zikaisha, nikasema nitafuata tukishavuna. Miezi mitatu. Ziwa akawa ananyonya kama kawaida. Akiwa na miezi 11 akaanza kukonda, kuhara, masikio yanatoa usaha. Ukweni wakasema ni meno ya plastiki, apelekwe akang'olewe. Nilimfunga mgongoni usiku, asubuhi nikawa hospitali. Jibu: anayo. Dawa alianza palepale.

Sasa ana miaka 4. Asubuhi ananikumbusha mwenyewe kile kidonge cha kuyeyusha kwenye maji. Anakimbia, anaimba. Ila ile miezi mitatu naijua mimi na Mungu wangu. Mwenye dawa zinazokaribia kuisha na anaenda shamba, akaombe za kutosha kabla hajaondoka, asione haya.

Baba wa Kibaigwa
Kina baba tupo? Nilikuwa nawasubiri nje na pikipiki. Siku ya miezi 9 nesi akaniita nimshike mtoto, tangu hapo naingia. Tarehe zake zote nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango, na septrini yake, ile dawa ya kumkinga na magonjwa nyemelezi, nampa mimi kila siku.

Mgeni (Chemba)
Nimesoma nikitetemeka. Wangu ana miezi 21, ni mwezi wa nne sasa tangu aache ziwa. Alipimwa wiki ya 6 tu. Kituo cha huku wananijua wote, na mara ya mwisho nilifokewa mbele za watu.

Nesi mstaafu
Hukustahili kufokewa, mwanangu. Kwa umri huo na ziwa ameshaacha, kipimo cha haraka kinatosha kuanzia, jibu unapewa siku hiyohiyo. Chukua kadi yake ya kliniki hata kama imechanika. Si lazima uende hapo hapo.

Mleta mada
Dada, njoo mjini. Nitakupokea stendi, tutaenda wote, na mtoto nitakusaidia kubeba.

Mgeni (Chemba)
Jumatatu napanda basi la alfajiri.