Tathmini ya mazingira Kigogo: mmepima nini saa nne asubuhi, tena kiangazi?

Wakuu, nimekereka na hili siwezi kulinyamazia.

Hivi karibuni walipita mtaani kwetu, huku bondeni karibu na Mto Msimbazi, Dar es Salaam, vijana wenye vizibao na tableti. Tukaambiwa wanafanya tathmini ya ubora wa mazingira ya makazi. Saa nne asubuhi, jua kali, ardhi kavu. Wakashika kifaa cha kupimia kelele dakika chache pale barabarani, wakapiga picha mtaro usio na tone la maji, wakawauliza akina mama kama wanaridhika na usafi wa mtaa, wakaondoka. Juzi mjumbe katusomea majibu: hali ni ya kuridhisha.

Inamridhisha nani?

Baa ya nyuma ya kwangu inafungulia spika saa nne usiku, bati za nyumba zinatetemeka mpaka alfajiri. Walipokuja kupima ilikuwa imefungwa! Moshi nao ni wa jioni, maana gari la taka halifiki uchochoroni, basi watu wanachoma plastiki na nepi uani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) walishusha kiwango cha juu wanachoshauri cha PM2.5, yaani chembechembe ndogo sana za moshi na vumbi zinazoingia mapafuni, hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka katika mita ya ujazo ya hewa. Hawa wetu hewa hawakuigusa kabisa.

Ila kinachoniuma zaidi ni maji. Mvua kubwa ikishuka, watu wanatapisha vyoo. Kwa msiojua: shimo la choo linawekewa bomba ubavuni, linazibwa kwa matambara. Usiku mvua ikikolea, mtu anachomoa kile kizibo na kinyesi chote kinaondoka na maji, kinapita mlangoni kwa jirani, kinaingia kwenye visima vifupi tunavyochota maji ya kuoshea vyombo, na wengine wanayanywa. Gari la kunyonya haliingii vichochoro hivi na mpira wake haufiki, kwa hiyo siwalaumu majirani peke yao. Lakini maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. coli, yaani bakteria wanaoonyesha kuna kinyesi, hata mmoja katika mililita 100, na watathmini hawakuchota hata chupa moja ya kupeleka maabara. Kipindupindu kikilipuka tutaonyeshwa hiyo ripoti?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Hatuombi hisani.

Tathmini irudiwe. Kelele zipimwe usiku wa Ijumaa na Jumamosi, sampuli za visima zichukuliwe masika, kati ya Machi na Mei, na majibu yote yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mtu ayasome mwenyewe. Barua nimeshaiandika na majirani wanasaini. Mwenye kujua utaratibu wa kupinga ripoti ya namna hii aje hapa atuelekeze tuipeleke wapi.