AC yanuka udongo tangu shamali ipite, na mwanangu ana pumu

Mama Salha, Sharjah

Assalaam alaykum. Juzi shamali, ule upepo wa vumbi, ilitushukia kutoka upande wa Iraq, vumbi likatanda hata jengo la pili silioni. Nilifunga madirisha yote nikatia taulo mbichi chini ya mlango. Asubuhi nimekuta vumbi laini kama unga wa ngano mpaka ndani ya bakuli la tende, na lilikuwa limefunikwa.

Tangu hapo AC ya ukutani chumbani kwa watoto nikiiwasha inatoa harufu ya udongo ulionyeshewa. Ikishapoa inageuka uvundo, kama nguo iliyosahaulika mbichi ndani ya mashine. Mwenye nyumba kaleta fundi. Akafungua kifuniko, akapuliza manukato ya kopo, akaenda zake. Isha haijaadhiniwa harufu imerudi. Nikawasha chetezo, nikatia udi.

Kijana wangu wa miaka 6 ana pumu. Usiku wa kuamkia leo kakohoa mpaka saa tisa. Nje joto nyuzi 44, siwezi kuzima. Je, AC inavuta vumbi la nje?

Fundi wa Tanga, Doha

Wa alaykum salaam dada, pole sana. AC ya ukutani haivuti hewa ya nje, inazungusha hiyohiyo ya chumbani. Vumbi limepita kwenye nyufa za madirisha, AC ikalinyonya. Filta ya wavu inakamata chembe kubwa tu. Zile laini zinapita na kunata kwenye koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, na koili inatoka jasho muda wote inapopoza. Hapo unapata tope, na tope lililokaa gizani linaota ukungu. Manukato hayaondoi tope.

Zima swichi ya ukutani kwanza. Toa filta, zioshe kwa maji na sabuni kidogo, zianike kivulini zikauke kabisa. Kisha mulika tochi kwenye mdomo unaotoa baridi. Ndani kuna feni ndefu kama mche wa sabuni. Mapanga yake yakiwa na utando mweusi, filta peke yake haitakusaidia: aje fundi mwenye pampu ya maji, aoshe koili na feni, na azibue mpira wa kutolea maji. Mtoto asiwemo chumbani. Asitumie klorini, inakula alumini na itamkaba kijana. Na siku ukisikia harufu ya waya unaoungua, zima, usisubiri.

Nesi, Muscat

Da Mama Salha, naomba ule udi uuache. Najua nyumba zetu bila udi hazijakamilika, lakini moshi wake una chembe ndogondogo za namna ileile inayoshuka mpaka ndani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri chembe hizo, za chini ya maikroni 2.5, zisizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Siku ya vumbi tumeshapita hapo, sasa tukiongeza chetezo?

Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi, usifagie. Dawa ya kijana ya kuvuta iwe karibu na kitanda. Ukiona mbavu zinabonyea akivuta pumzi, au anashindwa kumaliza sentensi, mpe dawa yake na umkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Mama Salha, Sharjah

Nimemulika, mapanga yalikuwa meusi tii. Fundi mwingine kaja leo na pampu. Ndoo ya kwanza imetoka kama lami, ya pili rangi ya chai ya maziwa, ya tatu ndiyo maji. Mpira ulikuwa umeziba tope gumu, kalitoa kwa waya. Chetezo nimekipandisha juu ya kabati. Filta nizioshe kila lini?

Fundi wa Tanga, Doha

Vumbi likitua tu, siku hiyohiyo. Baada ya hapo kila wiki mbili mpaka joto lipungue. Na kabla hujaizima, iache kwenye feni tupu nusu saa, koili ikauke.

Mama Salha, Sharjah

Sasa hivi ipo kwenye feni. Kijana kalala tangu saa mbili, sijasikia kikohozi.