Mrejesho: kuchomelea titani ndani ya boksi la gesi ya argoni
Wasee, niliuliza mbona titani inatoka bluu nikichomelea TIG (ile ya umeme yenye gesi inakinga mahali unachoma) ndani ya boksi lililofungwa hapa Kariobangi, sasa imekubali! Mwenye alisema argoni ni nzito kuliko hewa asante sana, tulihamisha paipu gesi ikaingilia chini na hewa ikatokea juu, tukaacha ijae polepole, alafu kwanza tunachoma kakipande ka skrepu, kaking'aa kama fedha ndio tunagusa kazi yenyewe, kakiwa bluu ama kijivu bado kuna oksijeni. Glavu za kuingiza mikono kwa boksi pia zilikuwa zinavuja pale kwa klampu, maji ya sabuni yalitoa mapovu hapo hapo. Na tafadhalini mlango wa karakana uwe wazi, argoni haina harufu na inakuzimisha bila kujua.