Hoteli za bei ya kati Accra: tangazo dola 80, kaunta dola 114. Huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, salaam kwenu. Mods, naomba huu uzi msiuhamishie kwenye vichekesho, maana sioni cha kuchekesha. Ni kwa yeyote anayepanga kwenda Accra kikazi au kibiashara akiwa na bajeti ya mtu wa kawaida. Wale wa nyota tano za Airport City wanaolipiwa na mashirika hauwahusu, na wale wa gesti ya ndoo na kandambili nao wana mambo yao. Sisi wa katikati ndio tunaokamuliwa.

Jina la hoteli siweki kwa sasa, malalamiko rasmi yako kwa wahusika, na msije PM kuniuliza. Mengine yote nasema.

Tulikuwa kundi la watu wa korosho. Aliyemo kwenye biashara hii anajua Accra huikwepi: African Cashew Alliance makao yake yako pale, sekretarieti ya eneo huru la biashara la Afrika iko pale, wanunuzi wanapita pale. Kazi ya kutafuta malazi niliibeba mimi, na niliifanya kama mtu anayetumia hela za wenzake. Nililinganisha bei, nikasoma maoni ya wageni mpaka macho yakauma, nikaandikiana na hoteli kwa barua pepe, nikapewa uthibitisho wenye nembo na sahihi ya meneja. Dola 80 kwa usiku, kifungua kinywa humo humo, jenereta saa 24, dakika kumi kutoka uwanja wa ndege. Katika hayo hakuna hata moja lililokuwa kama lilivyoandikwa.

Nianze na hela, ndiyo inayoniuma zaidi.

Fedha ya Ghana ni cedi, na kisheria bei inatakiwa iwe kwa cedi. Sheria yao ya fedha za kigeni ya mwaka 2006, ile namba 723, hairuhusu kutangaza bei wala kudai malipo kwa dola bila idhini ya Benki Kuu ya Ghana, na Benki Kuu hiyo imeshatoa matangazo ya kukumbusha watu mara kibao. Hata hivyo, fungua tovuti yoyote ya hoteli za kiwango hiki, utakuta dola tupu. Unajiambia haya, dola ni dola, nitalipa kwa kiwango cha siku hiyo. Halafu unafika kaunta.

Kaunta yetu ilikuwa na kioo, na kwenye kioo kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu iliyokwisha kuwa ya njano: dola 1 ni cedi 13. Pale juu palipokuwa na tarehe pamechorwachorwa kwa peni mpaka karatasi imetoboka. Wiki hiyo benki zilikuwa karibu cedi 11. Dada wa mapokezi akavuta kalkuleta, ile kubwa ya wauza duka, akapiga 80 mara 13, akaigeuza nione: 1,040. Nikamwuliza, madam, hii 13 imetoka benki gani? "Bosi, hiyo ndiyo reti ya hoteli."

Reti ya hoteli! Hoteli imekuwa benki kuu.

Sasa nimtendee haki, yule dada ni mwajiriwa, hiyo karatasi hakuibandika yeye. Chanzo chake kiko wazi kwa aliyefuatilia. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ilikuwa inakaribia cedi 15. Kufika katikati ya mwaka cedi ikapanda nguvu kwa kasi ya ajabu, dola ikashuka hadi kama cedi 10. Mwenye hoteli aliyezoea kupanga bei kwa dola ili cedi ikianguka yeye abaki salama, safari hii upepo ukamgeukia: dola 80 zilezile zinamletea cedi chache, na mishahara, dizeli na maji analipa kwa cedi. Angeweza kupandisha bei ya chumba akatangaza wazi, tukaamua kuja au kutokuja. Hakutaka, kwa sababu kwenye tovuti angeonekana ghali kuliko jirani yake. Akaacha dola 80 zing'ae kwenye tangazo, akaenda kuficha nyongeza kwenye reti. Cedi ikianguka anajilinda kwa dola, cedi ikipanda anajilinda kwa karatasi ya selotepu. Mgeni ndiye haambulii kitu upande wowote.

Nikasema sawa, tusigombane. Nikatoa dola taslimu, noti mpya, nikamwambia chukua hizi 80 kama ulivyoandika kwenye barua, tumalizane. Akanijibu bila hata kupepesa macho: "Samahani sana bosi, Benki Kuu haituruhusu kupokea dola."

Someni tena hapo. Sheria ileile waliyoivunja wakati wa kuandika bei, wanaikumbuka wakati wa kupokea hela! Bi mkubwa mmoja tuliyekuwa naye, mama mtu mzima wa Masasi asiyependa maneno mengi, alicheka kwa sauti mpaka mlinzi akachungulia. "Hawa wametuzidi," akasema. Kadi nayo haikusaidia, kwa sababu mashine inaingizwa kiasi cha cedi walichokwisha kukipiga wao.

Kabla hatujawasema sana wenzetu, tukumbuke na kwetu ugonjwa huu ulikuwepo, pango la dola, ada ya shule ya dola, mpaka kanuni za Machi 2025 zilipopiga marufuku bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo mchezo huu ninaujua. Ila hata wapangishaji wa Masaki sikuwahi kuwaona na karatasi yenye tarehe iliyofutwa.

Hapo hatujafika kwenye kodi. Kule juu ya bei wanaweka VAT ya asilimia 15, tozo ya bima ya afya asilimia 2.5, tozo ya mfuko wa elimu asilimia 2.5, na tozo ya utalii asilimia 1. Hizo ni kodi halali za nchi yao na sina ugomvi nazo hata kidogo. Ugomvi ni kwamba kwenye barua waliandika "bei kamili", na kwenye tovuti yao, chini kabisa kwa herufi za kupimia macho, wameandika kodi haimo. Cedi 1,040 ukiongeza hizo inafika kama 1,258. Gawanya kwa 11 ya benki: dola 114. Kwa kila chumba, kila usiku. Pigeni wenyewe hesabu ya kundi zima muone hasara yake.

Haya, umeme. Wenzetu wana kitu wanakiita dumsor, sisi tungesema mgao. Ile mikubwa ilianza 2012, bomba la gesi la kutoka Nigeria lilipoharibika na baadaye maji ya bwawa la Akosombo yakapungua, ikawatesa miaka kadhaa. Siku hizi siyo kama wakati ule lakini umeme bado unakatika, na kila hoteli itakwambia ina jenereta. Ni kweli, ipo. Yetu ilikuwa chini ya dirisha langu, nimelala nayo. Umeme ulikatika kama saa tano usiku, jenereta ikanguruma, taa zikawaka, nikashukuru. Kiyoyozi kimya. Nikabonyeza rimoti, nikatoa betri nikazirudisha, nikapanda kwenye kiti kukagua swichi. Kumbe jenereta inabeba taa, soketi na friji ya baa tu. Viyoyozi vya ghorofa ya juu, vile vyumba wanavyoviita executive, vina laini yake. Dirisha la alumini linafunguka kiasi cha kupitisha kiganja, nondo nje, na harufu ya dizeli ndiyo hewa pekee inayoingia. Accra iko pwani kama Dar, joto lake ni la mvuke, shuka linakuganda mgongoni. Nilipigiwa simu na wenzangu wa vyumba vingine usiku ule kana kwamba mimi ndiye fundi wa ECG, shirika lao la umeme.

Kwa hiyo ukiandikiana nao usiulize kama wana jenereta. Uliza: jenereta yenu inaendesha kiyoyozi cha chumba changu, namba fulani, usiku kucha? Wajibu kwa maandishi. Anayejibu kwa kuzunguka, umeshampata.

Umbali nao. "Airport area" kule ni kama watu wa hapa wanavyoita kila kiwanja Mbezi Beach. Tangazo linasema Airport, ramani ya tovuti imechomekwa karibu na Airport Residential, ukifika uko mbele kabisa huko Spintex Road karibu na Sakumono. Labda ni dakika kumi alfajiri Jumapili barabara ikiwa tupu. Jioni ya siku ya kazi Spintex haisogei, na sisi shughuli zetu zilikuwa upande wa Osu na Independence Square. Dereva wa Bolt anakubali safari, anakupigia kuuliza unakwenda wapi, akisikia Spintex saa kumi na moja jioni anakata simu na safari anaiacha kwenye programu inaning'inia. Dawa ya hili ipo na ni ya bure: Ghana tangu 2017 wana anwani za kidijitali, GhanaPostGPS, kila kipande cha mita 5 kwa 5 nchi nzima kina namba yake. Waombe namba hiyo, ingiza mwenyewe, uone jengo liko wapi. Hoteli inayosema haina au "tutakutumia ukifika", achana nayo.

Kelele sitaongea sana. Ukuta kwa ukuta na kanisa, mkesha wa Ijumaa, spika zimeelekezwa kwetu. Ibada ni haki ya watu, lakini hoteli ilijua na haikusema. Kuna kipindi, kwa kawaida Mei hadi Juni, ambapo watu wa kabila la Ga, wenyeji wa asili wa mji huo, wanaweka marufuku ya ngoma na makelele kwa takribani mwezi kabla ya sikukuu yao ya Homowo, na mamlaka za mji zinasimamia, makanisa na mabaa yanatakiwa kushusha sauti. Kwa anayetaka kulala ni neema, ila miezi hiyohiyo ndiyo ya mvua kubwa na mji unafurika vibaya, pale Circle na Kaneshie hasa. Chagua mateso yako. Desemba usiguse kabisa kama hukuweka nafasi mapema, Wamarekani weusi na Waghana wa ughaibuni wanarudi kwa sherehe na hoteli za kati zinajipandisha cheo.

Kifungua kinywa "humo humo" kikawa cha mtu mmoja kwa chumba, hata chumba kikiwa cha wawili. Mkate, yai, maharage ya kopo, chai. Na kwa kuwa Accra iko nyuma yetu saa tatu, mwili unaamka saa tisa usiku ukidai chai, na mgahawa unafunguliwa saa moja. Hapa lakini niseme zuri moja: nje ya geti alikuwepo mama anauza koko, uji wa uwele uliosagwa na tangawizi na pilipili, pamoja na koose, ambazo ni bajia za kunde kabisa, moto kutoka kwenye karai. Kwa cedi chache unashiba mpaka saa saba. Bi mkubwa kuanzia siku ya pili hakukanyaga tena mgahawa wa hoteli.

Najua kuna wajuaji watakuja kusema mngepanga apatimenti. Tulifikiria. Kule nako luku ya kulipia kabla inaisha usiku wa manane na mwenye nyumba hapokei simu. Na wengine watasema ningetuma amana mapema nikafunga bei. Waliitaka hiyo amana! Walitaka itumwe kwa MoMo, yaani pesa ya simu, kwenye namba ya mtu binafsi, jina halifanani na la hoteli wala la meneja. Hoteli inayofanya biashara ya kweli ina akaunti ya kampuni. Nilikataa, na ningekataa tena.

Malalamiko nimeyapeleka Ghana Tourism Authority, ndio wanaotoa leseni na kupanga madaraja ya hoteli kule, nikaambatanisha barua ya bei, risiti na picha ya ile karatasi ya kioo. Benki Kuu yao nayo nimeiandikia kuhusu bei ya dola. Risiti niliidai kwa nguvu, maana mwanzoni walitaka kunipa kikaratasi cha mkono kisicho na kodi, halafu kodi wameshanitoza. Mkilipa msikubali kitu kisichoonyesha VAT na zile tozo mstari kwa mstari.

Wenzangu wanarudi huko msimu ujao na tayari wananiangalia mimi. Mwenye kujua hoteli ya kueleweka Osu, Labone au Asylum Down, isiyozidi dola 90 pamoja na kodi zote, inayotoza kwa reti ya benki na yenye jenereta inayosukuma kiyoyozi, aweke hapa pamoja na mwaka aliolala. Maoni ya 2019 sitaki. Picha za risiti napandisha jioni.